Siku Watani Walipokuja na Adabu

Watani walifika msibani saa nne asubuhi, wakavua kofia, wakapanga mstari na kutupa pole mmoja mmoja.

"Poleni sana wafiwa," alisema Chesko Mlowe, akiushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mungu awape subira."

Mungu awape subira! Huyu ndiye mtu aliyeingia kwenye msiba wa babu yangu akiwa amempanda mbuzi. Kwenye msiba wa shangazi yangu mkubwa alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na alipopewa akalalamika mbele ya padri kwamba jogoo mwenyewe ni mzee kuliko marehemu. Kwa miaka arobaini Baba Mdogo Lukelo, ambaye asubuhi ile alikuwa amelala ndani ya sanduku sebuleni, alimwita Chesko Kiroboto, na Chesko alimwita Tumbo. Sikuwahi kuwasikia wakiitana kwa majina waliyobatizwa.

Tulisubiri. Wanawake kwenye mikeka walikuwa wamepunguza kilio, wakimtazama kwa pembe za macho, kwa sababu kwetu Itengelo msiba haujaanza mpaka mtani auharibu. Shangazi Agripina, dada wa marehemu, alikuwa ametayarisha kila kitu. Alilitundika koti la marehemu kwenye msumari kando ya mlango, mahali ambapo hata mtani mvivu kuliko wote asingeshindwa kuliiba. Jembe la kuchimbia kaburi aliliacha halina mpini, ili watani wapate pa kuanzia matusi.

Chesko alilipita koti. Akaenda kukaa benchi la nyuma pamoja na wenzake kumi na wawili wa Bondeni, wakaweka mikono magotini kama watu wanaosubiri kuitwa ofisini kwa mkuu wa mkoa.

Shangazi akamfuata hukohuko.

"Chesko, hujaliona koti?"

"Nimeliona, mama."

"Sasa?"

"Ni koti zuri."

"Mwenzako kafa, Kiroboto wewe! Tumbo limekwisha! Huna la kusema?"

Niliona shavu la Chesko likicheza. Niliona kabisa neno likimpanda kooni, lile neno la kuvunja watu mbavu. Kisha akainua macho mpaka kwenye pembe ya paa. Pale alikuwa amening'inia Msikivu, mdogo kama kikombe cha kahawa, jicho lake la kioo limeelekezwa uani.

"Mungu amlaze mahali pema," akasema Chesko.

Shangazi Agripina akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Hakuwa akimlilia kaka yake peke yake.

Msikivu yule alikuwa amezimwa tangu Machi. Ningeweza kuwaambia, maana niliyemzima ni mimi. Sikusema. Kaburi lilichimbwa na mashine ya halmashauri kwa dakika kumi na mbili, pande zake zikanyooka kama rula, na hakuna aliyecheka.

*

Sheria ya Mipaka ilipitishwa kabla sijazaliwa, na ilipitishwa kwa nia njema. Zamani wanasiasa ndio waliokuwa wakikata miji na vijiji. Kata hii iende kule kwa sababu ina kura zangu, kijiji kile kibaki kwa sababu kina msitu. Watu walilala katika wilaya moja na kuamka katika nyingine. Sheria ikasema: basi, hakuna mkono wa binadamu utakaochora mpaka tena. Vijiji vikiomba kujitenga na mji, Wasikivu watatundikwa minadani, vilabuni, misibani, kwenye foleni za zahanati, na kwa mwaka mzima watasikiliza pande mbili zinavyosemana. Mwisho wa mwaka mtambo wa Tume ya Mipaka utatoa kiwango cha nia. Kikifika hamsini, watu hao bado ni wamoja, waendelee kuvumiliana. Kikiwa chini ya hamsini, wameshaachana mioyoni; serikali inawaandikia talaka tu.

Mtambo ulikijua Kiswahili chetu na ukaijua lugha yetu ya milimani, pamoja na vile tunavyozichanganya. Kitu kimoja kiliushinda: mzaha. Wahandisi walihangaika miaka na miaka, wakainua mikono. Kwa hiyo maneno yote yenye utata yalipelekwa kwa mfasiri wa nia, mzaliwa wa mahali penyewe, aliyekula kiapo na ambaye jina lake halitangazwi. Vijiji sita vya Bonde la Mfwizi, yaani Bondeni, vilipoomba kujitenga na mji wetu wa Itengelo, yaani Juu, ili viwe manispaa, Tume ilitafuta mfasiri. Mimi, Twilumba Nyagawa, nilikuwa na stashahada ya isimu na nilizaliwa mita mia tatu kutoka sokoni.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Unakaa. Sentensi inatokea kwenye kioo, unasikiliza sauti ya aliyeisema, unabonyeza. Kijani ni mapenzi. Njano ni mzaha. Nyekundu ni chuki.

*Watu wa Juu wakioga, mto unahama.*

*Bondeni hakuna wezi, watu wenyewe hawana cha kuibiwa.*

*Ukiona mtu wa Bondeni amevaa viatu, jua kuna mtu wa Juu anatembea peku.*

Njano, njano, njano. Mtoto wa darasa la pili angejua. Mababu wa Juu na mababu wa Bondeni walipigana kwa sababu ya malisho mpaka wakabaki wajane watupu, na siku ya kupatana walizika mikuki yote, wakaamua kwamba ulimi utatosha. Tangu siku hiyo mtu wa Bondeni ndiye anayemchimbia kaburi mtu wa Juu, na mtu wa Juu humchimbia yeye, na kadiri matusi yanavyokuwa makali ndivyo kaburi linavyokwenda chini vizuri. Yote hayo niliyajua. Sitaki mtu aseme sikujua.

Ila mama yangu alikufa mwaka mmoja kabla ya Wasikivu kutundikwa. Nilikuja kumzika kutoka Dodoma, nimevaa suti nyeusi, nimeongozana na watu watatu wa Tume ambao ndio kwanza walikuwa wanafikiria kuniajiri. Tukiwa tumekaa uani, mlango wa chumba cha mama ukafunguka. Akatoka Chesko amevaa gauni la mama la kijani, mto umefungwa kiunoni, anaburuta mguu wa kushoto, ule ambao kiharusi kilimharibia mama miaka sita kabla ya kifo. "Twilumba!" akaita, kwa sauti ya mama, sauti yake hasa. "Twilumba mwanangu, hao wazungu weusi umewaleta, wamekula?"

Ua mzima ulicheka huku ukilia. Baba Mdogo Lukelo alicheka mpaka akashikiliwa. Mgeni mmoja akainua simu kupiga picha. Mwingine akaniinamia: "Huyu ni kichaa wenu?"

Nikasema, "Ndiyo. Mtamzoea."

Kwa hiyo siku ambayo sauti ya Chesko ilitokea mbele yangu ofisini, nikasikia ndani yake koo lililoazima sauti ya mama yangu. Alikuwa kilabuni, akimwambia Baba Mdogo: *Tumbo wewe, siku ukifa tutazika kitambi Jumatatu, mwenyewe tutakuzika Jumanne.* Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. Baba Mdogo mwenyewe alikuwa anacheka. Nilikisikia kile kicheko chake chenye kikohozi mwishoni.

Nikabonyeza nyekundu.

Nilijiambia ni hiyo moja tu. Lakini siku iliyofuata ikaja sentensi inayofanana nayo, na mfasiri ana wajibu wa kuwa na msimamo. Kama ile ilikuwa chuki, hii itakuwaje mzaha? Nikaipa nyekundu nayo. Ya tatu ilifanana na ya pili. Kufika Desemba sikuwa nasikiliza sauti tena, nilikuwa nalinganisha maandishi. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nimebonyeza nyekundu mara mia sita na kumi na moja, na kiwango cha nia kikatoka: arobaini na nane na nusu.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Manispaa ya Mfwizi.

Kulikuwa na vigelegele Bondeni, na sisi wa Juu hatukununa sana. Bikoni za mpaka zikapandwa kwenye mteremko, nyeupe na nyekundu, umbali wa hatua hamsini kila moja. Kisha, kama sheria inavyotaka, Tume ikafungua Kitabu cha Nia ili kila mwananchi ahakikishe hakuna udanganyifu. Ulikuwa unaandika jina lako kwenye simu, unaletewa kila ulichosemwa, na nani, na rangi yake.

Baba Mdogo aliandika lake akiwa kitandani. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kumchosha. Nilikuwa nimemletea uji.

"Mwanangu," akasema, "wewe unaijua mitambo hii. Hivi Chesko alikuwa ananichukia kweli?"

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Ningesema, hapana baba, ni mimi. Maneno manne. Badala yake nilisikia sauti yangu ya ofisini: "Mtambo haukosei, baba."

Akailaza simu kifudifudi juu ya blanketi, akaomba maji. Wiki tatu baadaye akafa, na katika wiki hizo hakumwita Chesko hata siku moja.

*

Siku ya pili baada ya mazishi niliteremka Bondeni kuonana na kaimu meya. Felista Mgaya alifundisha hesabu kwa miaka ishirini, na ofisi yake ya muda ilikuwa darasa la tano katika shule ya Nyandolo. Ubaoni bado palikuwa na sehemu za kuzidisha. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Hata Tume?"

"Hata Tume."

Akanishika kiwiko, akanipeleka dirishani. Nje, wanawake walikuwa wakipitishiana mawe mkono kwa mkono kuelekea kwenye mtaro mrefu uliochimbwa kwa mraba.

"Ule msingi unauona, mdogo wangu? Wodi ya wazazi. Na kile chumba cha pembeni ni cha akiba ya damu. Tumewaomba ninyi wa Juu tangu mimi sijavunja ungo. Mkasema bado, mkasema mwakani, mkasema barabara kwanza. Dada yangu alijifungulia kwenye trekta, akamwaga damu yake yote kwenye magunia ya viazi. Manispaa imekuja Machi, tofali zimekuja Aprili."

"Najua, dada."

"Hujui. Ungejua usingekuja." Akarudi kukaa. "Umekosea, sawa. Lakini kosa lako limetuangukia vizuri. Ukiyageuza hayo mambo, kiwango kikarudi hamsini, manispaa inakufa, na huo msingi tutapandia maharage."

"Jumamosi watani wamekuja msibani kwetu, wakatupa pole."

"Hiyo ni tabia njema."

"Dada Felista."

Akanitazama, kisha akaangalia pembeni. Na yeye alizaliwa huku. Alijua nilichokuwa nasema.

"Watu wanaweza kuishi bila utani," akasema polepole. "Bila damu hawaishi."

Kama mtu angeniwekea mizani, huku wodi na huku kicheko, ningeona aibu hata kukiweka kicheko. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nipime wodi na kicheko. Niliulizwa kama mtu fulani, siku fulani, alikuwa anamchukia mwenzake, nami nikasema ndiyo huku nikijua si kweli.

"Sheria inanipa siku tisini za kurejea alama," nikamwambia. "Zimebaki kumi na moja."

"Na inasemaje? Unabonyeza tu?"

"Hapana. Neno la mfasiri halitoshi. Lazima aliyesemwa ahojiwe kwa kiapo. Anaulizwa swali moja: je, maneno haya yalikuumiza? Akisema hapana, nyekundu inageuka njano. Nikipata mia moja na tisini, kiwango kinafika hamsini."

"Na wewe?"

"Mimi nitavuliwa kiapo. Na nitashtakiwa."

Felista akachukua chaki, akaizungusha vidoleni, akairudisha mezani.

"Basi kaa ndani siku kumi na moja, mdogo wangu. Pika, lala, omba Mungu. Usipoweza kukaa, nenda. Ila kila mlango utakaogonga, waambie na habari ya wodi. Usiwape nusu."

Nikaahidi.

Nje nilipita karibu na ule mstari wa mawe. Mama mmoja mjamzito aliacha jiwe, akaniamkia kwa heshima zote, kama mtu anavyomwamkia mgeni wa serikali. Mwaka jana angeniuliza ni lini nitaolewa, au miguu yangu wameikataa wanaume wote wa Juu.

*

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Chesko Mlowe. Baba Mdogo alikuwa amemsema mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilimkuta asubuhi na mapema kijijini Kitumbuka, kwenye mianzi yake nyuma ya nyumba, akigema ulanzi, pombe ya mianzi. Alikuwa na kisu kidogo chenye makali pande mbili. Anakata ncha ya mwanzi mchanga kipande chembamba kama ukucha, anarudisha mbeta, kile kikombe cha mwanzi cha kukinga, anahamia mwingine. Alikuwa akiniita mchumba tangu nina miaka minne. Mchumba wangu mwenye miguu ya kuku.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema.

"Asante, baba."

"Mke wangu atakuletea kiti."

"Nitasimama."

Nilimwambia akiwa bado anakata. Nilianza na wodi, kama nilivyoahidi, ili nisije nikaisahau kwa makusudi. Nikamwambia manispaa itakufa. Kisha nikamwambia mengine: kwamba mtambo haukuweka zile rangi, kwamba kulikuwa na mtu, kwamba mtu huyo alikuwa amekaa ofisini na koo la Chesko masikioni mwake, akikumbuka gauni la kijani.

Kisu kikasimama.

"Lile gauni," akasema, "mama yako ndiye aliyenipa. Aliniita miezi miwili kabla. Akaniambia, Kiroboto, nikifa uvae hili, na usisahau mguu. Ukisahau mguu nitakurudia."

Nilishika mwanzi uliokuwa karibu nami.

"Sikujua."

"Ungejuaje? Mtani haelezi. Akieleza, ni nini tena?" Akakifuta kisu kwenye suruali. "Na Lukelo? Lukelo alijua kwamba ni wewe?"

Hapa ningeweza kudanganya. Maiti hatoi ushahidi.

"Aliniuliza kama ulimchukia," nikasema. "Nikamwambia mtambo haukosei."

Nilitaka Chesko anitukane. Nilimwomba Mungu amfanye anitukane, atukane ukoo wangu, miguu yangu, na suti yangu, na stashahada yangu. Alikuwa nayo matusi ya kutosha kuniua pale nilipo.

"Nilisikia anaumwa," akasema. "Nikabeba kibuyu cha ulanzi. Nilifika mpaka kwenye bikoni. Nikasimama pale, nikawaza, huyu mtu aliyenisema vile, nakwenda kumwambia nini? Nikaunywa mwenyewe, nikarudi."

Upepo uliigonganisha mianzi. Mke wake alitoka na kiti, akaona nyuso zetu, akarudi nacho ndani.

"Haya," akasema Chesko. "Umekuja na swali. Uliza."

Nilitoa kioo cha Tume. Akanyoosha mkono wa kulia, akaapa kwa jina lake lote, Fransisko Mlowe wa Kitumbuka. Nikasoma.

"Maneno haya yalisemwa na Lukelo Nyagawa kumhusu Chesko Mlowe, kilabuni kwa Mama Sevelina, tarehe saba Agosti. 'Kiroboto huyu akifa msimlete kuzikwa Juu, funza wetu watahama kwa njaa.' Je, maneno haya yalikuumiza?"

Pembe ya mdomo wake ikapanda. Kwa nukta moja nilimwona yule mtu wa juu ya mbuzi.

"Nilicheka mpaka nikamwaga kinywaji. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu, naye akacheka. Wiki nzima nilikuwa natafuta la kumjibu."

"Kwa hiyo ni hapana." Kidole changu kilikuwa tayari juu ya njano.

"Subiri. Hujaniacha nimalize." Akachuchumaa, akaanza kuchimba udongo kwa ncha ya kisu. "Mwezi wa tatu binti yangu akanisomea kwenye simu. Akanisomea na rangi. Nikamwambia, soma tena. Nikajiuliza, miaka arobaini yote, Lukelo alikuwa anacheka na mimi au ananicheka mimi? Nikaanza kuyakumbuka ya zamani. Lile la siku ya harusi yangu. Lile alilosema mtoto wangu wa kwanza alipokufa, ambalo ndilo lililonifanya nile chakula siku ile. Nikayachukua moja moja, nikayapaka rangi mwenyewe. Usiku na mchana nilikuwa mfasiri kama wewe."

"Lakini nimekwambia, baba. Hakukuchukia. Nilisikia sauti yake, alikuwa anacheka. Rangi ile niliiweka mimi."

"Nimekusikia, na ninakuamini. Lakini hukuniuliza kama alinichukia. Umeniuliza kama yaliniumiza."

"Siku ile hayakukuumiza."

"Siku ile hapana. Sasa hivi, ukiyasoma, yanaingia hapa." Akagusa chini ya mbavu, kama mtu anayemwonyesha daktari. "Yeye hayupo aje ayatoe. Unataka niapie uongo, Twilumba?"

Kwa sauti yake mwenyewe hakuwahi kuniita kwa jina langu.

Nilihitaji mia moja na tisini, na hiyo ingekuwa ya kwanza. Kioo cha Tume hakirekodi sauti ya anayehojiwa. Sheria inamwamini mfasiri, na mwisho wa yote kinachoandikwa ni kile kidole chake kilichobonyeza. Chesko hakuwa akiangalia kidole changu. Alikuwa anaangalia kile kishimo alichokichimba. Ningebonyeza njano, na ingekuwa kwa ajili ya Baba Mdogo, kwa ajili ya Shangazi Agripina, kwa ajili ya misiba yote itakayokuja. Sababu zilikuwa nzuri. Hata zile mia sita na kumi na moja nilikuwa na sababu.

Nikabonyeza nyekundu.

Kioo kikauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao.

Chesko akasimama, akaangalia rangi, akaitikia kwa kichwa mara moja kama mtu aliyepokea barua yake. Kisha akarudi kwenye mianzi. Alikuwa ameruka mmoja, na mgema haachi mwanzi ukauke kwa sababu ya maneno. Nilisimama pale nikimtazama anakata, mpaka nikajiona nimekuwa mzigo kwenye shamba la mtu.

"Mama Sevelina," nikauliza, maana jina la pili lilikuwa lake, "huwa anaamka mapema?"

"Ameshaamka," akasema Chesko, bila kugeuka. "Na yeye anajua kusoma; Kitabu amekisoma na rangi zake."